Sura ya Tano: Mwizi Asiyeacha Nyayo

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Kahama na Shinyanga walichoka kuibiwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, silaha zilikuwa zimezagaa mikononi mwa watu, na ng'ombe waliswagwa usiku kwa makundi. Polisi walikuwa wachache, vituo viko mbali. Wananchi wakaunda ulinzi wao wenyewe, Sungusungu, kwa pinde, mishale na mwano, ule ukelele wa hatari wa Kisukuma unaomtaka kila anayeusikia atoke nyumbani. Mwano ukipigwa, kijiji kinapokea na kupitisha kwa kijiji kingine, na nyayo za mifugo zinafuatwa mpaka zizi ilikofichwa. Serikali iliyowatazama kwa mashaka mwanzoni iliwatambua kisheria mwaka 1989.

Ulinzi ule ulitegemea mambo mawili. La kwanza, mwizi lazima apite mahali, na akipita ataacha nyayo. La pili, aliyeibiwa atapiga kelele na majirani watamsikia. Simu ya mkononi imeyavunja yote mawili. Anayekuibia leo hapiti kijijini kwako, na wewe ukishaibiwa hupigi mwano. Unaona aibu, unanyamaza, kesho yake jirani yako anaibiwa kwa maneno yaleyale.

Sura hii inazungumzia hasara za simu katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Bei ya chombo na gharama ya bando zinauma, lakini hazinisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba simu inamfikia mtu akiwa peke yake, mara nyingi siku ileile aliyopata pesa, na inamtaka aamue hapohapo bila shahidi. Karibu kila hasara nitakayoieleza hapa inatoka kwenye upweke huo.

Faida zake kwanza

Haki itendeke. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi ilianza kazi nchini mwaka 1994, na kwa miaka kadhaa simu ilikuwa chombo cha matajiri wa Dar es Salaam. Minara ilipofika Kahama, Katoro na Nyarugusu, maisha ya mchimbaji yalibadilika. Kabla ya hapo, kijana aliyetoka Maswa au Bariadi kwenda machimboni aliweza kukaa mwaka mzima bila mama yake kujua kama yu hai. Pesa aliyoipata aliishona kwenye nguo au akamkabidhi kondakta wa basi, na barabara zile zilikuwa na majambazi waliojua siku za mavuno ya dhahabu.

M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na kampuni nyingine zikafuata, ile safari ya pesa mfukoni ikafupika. Leo mchimbaji anauliza bei ya dhahabu kabla hajakaa na mnunuzi. Mwanamke anayeuza chakula machimboni analipa ada ya mtoto aliye Mwanza bila kufunga banda lake. Serikali nayo, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, imechangia kupeleka minara vijijini ambako kampuni zisingeona faida. Haya yote ni mema, na anayeyapinga hajawahi kusubiri habari za mgonjwa kwa wiki tatu.

Kufikia mwisho wa mwaka 2023 nchi ilikuwa na laini za simu zaidi ya milioni 70, wakati sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Yaani laini zimewapita watu, wakiwemo watoto wachanga. Chombo kilichoenea kiasi hiki hakina budi kuchunguzwa kwa ukali kuliko kinavyosifiwa.

Pesa inayokuja kwa mkupuo

Ili kuelewa kwa nini simu inauma zaidi hapa, tazama namna pesa inavyopatikana. Mtumishi wa serikali anapokea mshahara kila mwezi. Mkulima wa pamba anajua msimu. Mchimbaji mdogo hajui. Anaweza kushuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, miezi minne akilishwa chakula tu, akitafuta mwamba wenye mali. Siku mwamba unapopatikana, mawe yanagawanywa kwa viroba: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la wachimbaji. Kila mmoja anapeleka viroba vyake kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, unga unaoshwa, zebaki inakamata dhahabu, moto unaifukuza zebaki, na jioni ile mtu aliyekopa sabuni asubuhi ana mamilioni.

Tangu Machi 2019, soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa, biashara hiyo imetoka kwa kiasi kikubwa vichochoroni. Mali inapimwa wazi, serikali inapata mrabaha wake, muuzaji anaondoka na pesa halali. Sehemu ya pesa hiyo inaingia kwenye simu, kwa kuwa kutembea na maburungutu Katoro usiku ni kujitafutia kifo.

Basi tuseme yuko kijana wa miaka 23, amepata shilingi milioni tatu. Hajalala vizuri kwa wiki. Wazazi wako Kishapu, mke yuko Kwimba, na anaolala nao kambini amewafahamu kwa miezi miwili tu, kwa majina ya utani. Pesa iko kwenye simu, simu iko mfukoni, na kati ya pesa hiyo na dunia nzima pana tarakimu nne za namba ya siri. Zamani pesa ya ghafla iliharibiwa na pombe na wanawake wa kambini, na angalau wenzake walimwona akiiharibu. Mzee mmoja wa kambi angeweza kumshika mkono. Sasa anaweza kuimaliza amelala kitandani, mwanga wa kioo usoni, na aliye kitanda cha pili asijue.

Ujumbe usio na mwenyewe

Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyeujua ujumbe huu: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Ukiusoma ukiwa huna deni unacheka. Lakini tapeli hamtumii mtu mmoja. Anawatumia maelfu, na hahitaji akili zao wote. Anamhitaji mmoja ambaye asubuhi ile aliahidi kumtumia mtu hela na alikuwa anasubiri namba. Katika ukanda wa dhahabu, ambako pesa hutumwa kila saa kwa wake, wadai, wenye karasha na wauza chakula, mtu huyo hakosekani.

Wako wengine. Yupo anayedai ametuma pesa kimakosa na kuomba urudishe, huku ujumbe wa muamala ukiwa ameuandika mwenyewe. Yupo anayejiita mtoa huduma wa kampuni na kukutisha kwamba laini yako inafungwa, wakati kampuni zenyewe zimekuwa zikiwaambia wateja kwamba huwapigia kwa namba 100. Yupo anayekuahidi utajiri wa Freemason. Na yupo anayejifanya mganga, huyu ndiye ninayemwogopa zaidi huku kwetu.

Machimbo ni mahali pa bahati, na penye bahati waganga hawako mbali. Mikoa ya Kanda ya Ziwa inakumbuka kwa uchungu ramli zao zilikofika: mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa nchi kuanzia mwaka 2007, na mauaji ya vikongwe waliodhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli na kuwakamata wengi. Anayepiga ramli kwa simu leo hana kilinge cha kuvamiwa. Anamwambia mchimbaji kwamba duara lake limefungwa na adui, kwamba kulifungua kunahitaji pesa ya vifaa, na kwamba asimwambie mtu, dawa itaharibika. Neno hilo la mwisho ndilo lenye kazi. Likishakubaliwa, ndugu, rafiki na mwenyekiti wa kitongoji wote wamefungiwa nje.

Serikali imejaribu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015. Mei 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, ili kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Tarehe 27 Desemba 2019 Rais John Magufuli alisajili laini yake akiwa nyumbani kwao Chato, mkoani Geita, na alipoona umati wa watu waliokuwa bado wanahangaikia vitambulisho akaongeza siku 20, hadi tarehe 20 Januari 2020. Wengi tuliamini kwamba baada ya siku hiyo tapeli hatakuwa na pa kujificha.

Alipata pa kujificha: ndani ya majina yetu. Mtu anakwenda kusajili laini kwenye mwavuli wa wakala barabarani, anaambiwa kidole hakijasoma, aweke tena, na kile kidole cha pili kinafungua laini nyingine asiyoijua. Laini hiyo inauzwa, inatumika kuibia, na polisi wakifuatilia wanamkuta bibi wa Nyang'hwale asiyejua kuandika ujumbe. Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imekuwa ikiwahimiza wananchi kubonyeza *106# ili kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, na kupeleka ujumbe wa kitapeli kwenye namba 15040. Taarifa za mamlaka hiyo zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kama vinara wa laini zinazohusishwa na utapeli. Kutoka Sumbawanga hadi Geita ni mwendo mrefu kwa basi. Ujumbe unafika kabla hujapepesa jicho.

Mkeka na kindege

Kamari haikuletwa na simu. Karata na pool zilikuwako kambini tangu zamani. Simu iliiondolea kamari mipaka miwili: saa na macho ya watu. Anayecheza karata lazima aondoke usiku, na akifilisika kila mtu anajua. Anayebeti kwa simu anacheza akiwa juu ya shimo anasubiri zamu, anacheza msalani, anacheza saa tisa za usiku kwenye kindege kinachopaa na kulipuka kila baada ya sekunde chache.

Hesabu ya mkeka, yaani dau moja la kubashiri mechi nyingi ambalo lazima zote zipatikane, ni ya darasa la saba, lakini ni wachache wanaoipiga. Tuseme umechagua mechi kumi, na una ujuzi wa mpira kiasi kwamba katika kila mechi una nafasi 60 kati ya 100 ya kupatia. Ukizidisha nafasi hizo mara kumi, uwezekano wa mkeka mzima kushinda ni kama 6 kati ya 1,000. Ukiongeza mechi ziwe kumi na tano, unashuka chini ya 1 kati ya 2,000. Ndiyo sababu mkeka huchanwa na mechi moja ya mwisho mara kwa mara, na mchezaji hujiambia kwamba alibakiza kidogo. Hakubakiza kidogo. Hivyo ndivyo mikeka mirefu ilivyo.

Mchimbaji yuko hatarini kuliko wengine kwa sababu kazi yake mwenyewe imemfundisha kwamba subira kwenye shimo tupu hulipa. Amewaona kwa macho yake waliochimba bila kitu na siku moja wakatoka na mali. Anaipeleka imani hiyo kwenye simu, asijue kwamba chini ya mwamba dhahabu ipo kweli, wakati katika mchezo ule hesabu imepangwa mapema ili mwenye kampuni abaki na fungu.

Mkopo usio na mdhamini

Pesa ikiisha, simu inakuja na jibu lingine. Kampuni za simu zina huduma za kukukopesha ili muamala ukamilike, kama ile ya Songesha, na juu yake zimeota programu za mikopo zinazoahidi pesa kwa dakika tano. Watu wenyewe wameipa mikopo ya namna hii jina linaloeleza kila kitu: kausha damu.

Chukua mfano. Unapewa 10,000, unatakiwa kurudisha 11,500 baada ya wiki. Haisemwi riba, inasemwa ada ya huduma, na 1,500 inaonekana ndogo. Lakini hiyo ni asilimia 15 kwa wiki. Ukiendelea kukopa hivyo mwaka mzima, kwa wiki 52, utakuwa umelipa ada ya shilingi 78,000 kwa ajili ya kushika elfu kumi ileile. Hakuna mkopeshaji wa mtaani Kahama anayethubutu kumtamkia jirani yake riba kama hiyo mchana kweupe.

Mkopo wa zamani ulitaka mdhamini. Tulimwona mdhamini kama kero, na kwa kweli alikuwa ulinzi. Ndugu anayeombwa kukudhamini atakuuliza unakopa ya nini, na swali hilo limeokoa nyumba nyingi. Programu haiulizi. Inachukua orodha ya namba zilizo kwenye simu yako, na siku ukichelewa inawatumia mama mkwe, mwajiri na mchungaji ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Uliyemficha siri yako wakati wa kukopa anaipata wakati wa kuaibishwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni na kuwaonya wananchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inawalinda wale ambao majina yao yanachotwa bila ridhaa. Hatua hizi zina nguvu pale tu aliyeumizwa anapokubali kusema.

Tena, pesa ya simu hukatwa kila inaposogea. Ada za kutuma na kutoa zilikuwapo tangu mwanzo. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi, na kilio kilikuwa kikubwa hivi kwamba ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo na kupunguzwa tena mwaka uliofuata. Walioisikia zaidi ni hawa wanaoishi mbali na familia zao, kwa sababu maisha yao yote ni kutuma na kupokea.

Chipsi, lifti na simu

Kuna wimbo wa wazazi na walimu wetu unaotaja vitu vitatu vinavyowaangusha mabinti: chipsi, lifti na simu. Chipsi zinaliwa zikaisha. Lifti inafika mwisho wa safari. Simu inabaki mkononi mwa mtoto na aliyeitoa anaendelea kumpigia.

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 uliiweka Shinyanga juu ya mikoa yote kwa ndoa za utotoni: wanawake 59 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha 18. Mwaka 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, ambaye taasisi yake ya Msichana Initiative imewatetea wasichana wa mkoa huu, alishinda kesi Mahakama Kuu dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo mwaka 2019. Sheria imekuwa kali pia kwa anayempa mimba mwanafunzi: kifungo cha miaka 30.

Lakini mwanamume mwenye pesa ya dhahabu haendi tena kusimama nje ya shule, ambako mwalimu atamwona. Ananunua simu ndogo ya tochi, anaweka vocha, anampa binti kwa siri. Shule zimekataza simu, kwa hiyo inafichwa kwenye begi, chini ya godoro, kwa rafiki. Siri hiyo ya kwanza inazaa nyingine. Simwambii mzazi amnyime mwanawe elimu ya simu, kwani dunia anayoiendea haiwezi kuishi bila chombo hicho. Namwambia ajue kwamba mtoto asiye na simu yake mwenyewe na aliyeogopeshwa kuzungumza nyumbani ataipokea ya kwanza kutoka kwa mtu asiyemtakia mema.

Ndani ya ndoa nako simu imeleta vita. Mume yuko Mwakitolyo, mke yuko Meatu. Asipopokea, ana mwingine. Akipokea akiwa na haraka, anaficha kitu. Mume akirudi, cha kwanza anachodai mke ni namba ya siri, na cha kwanza anachofanya mume ni kukagua ujumbe. Chombo kilichonunuliwa kuunganisha nyumba mbili zilizo mbali kimekuwa shahidi wa uongo, na kipigo kimefuata katika nyumba nyingi kwa sababu ya namba iliyohifadhiwa kwa jina la Fundi.

Chini hakuna mtandao

Hasara hii inasemwa mara chache. Simu imetufanya tuamini kwamba kila mtu anapatikana. Ndani ya duara, mita kadhaa chini ya ardhi, hakuna mtandao. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa kwenye mgodi wa Nyangalata, Kahama. Wanaume watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, vyura na mende, na mmoja wao alifariki baadaye hospitalini. Siku zote hizo, aliyewapigia simu hakuweza kujua kama wako hai.

Zamani mtu aliyeshuka aliaga, na asiporudi jioni alitafutwa. Leo tunasema, nitampigia kesho. Daftari la majina ya wanaoshuka na wanaopanda, lenye mtu mmoja wa kuliangalia kila zamu, linagharimu shilingi elfu chache na halihitaji mnara. Kila mwenye leseni na kila mwenye duara asiye nalo anacheza na roho za watu.

Barabarani upweke wa simu unaua kwa kasi zaidi. Kijana wa bodaboda kati ya Geita na Katoro ameichomeka simu ndani ya kofia ngumu, anaongea, amebeba mama na mtoto. Sheria yetu ya Usalama Barabarani iliandikwa mwaka 1973, kabla ya simu ya mkononi kujulikana hapa. Abiria asingoje sheria mpya. Ana haki ya kusema simamisha, nishuke.

Dhahabu inayotupwa

Tumalizie na chombo chenyewe. Ndani ya kila simu mna dhahabu kidogo, kwa sababu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Kwa makadirio yanayotumika duniani, tani moja ya simu za mkononi bila betri ina kama gramu 340 za dhahabu, pamoja na kilo 3.5 za fedha na kilo 130 za shaba. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu husaga tani nzima ya mwamba ili kupata gramu chache tu.

Fikiria basi maana yake. Kijana anahatarisha mapafu yake na kuchezea zebaki, sumu ambayo Tanzania imeahidi kuipunguza kwa kuridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, ili atoe chembe ya dhahabu ardhini. Chembe hiyo inasafiri hadi kiwandani ng'ambo, inarudi ikiwa ndani ya simu, na simu ikifa anaitupa kwenye shimo la takataka nyuma ya kambi pamoja na betri yake. Juni 2016 TCRA ilipozima simu bandia nchi nzima, simu nyingi ziligeuka takataka usiku mmoja. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Zilizobaki zinachomwa, zinazikwa, zinanyeshewa, na sumu yake inashuka kwenye visima. Usichome simu iliyokufa, wala usimruhusu mtoto avunje betri. Mpelekee fundi anayeweza kutumia vipuri vyake, na halmashauri idaiwe mahali pa kukusanyia hizi taka kama inavyodaiwa jalala.

La kufanya

Simu haitaondoka, wala sitaki iondoke. Ninachotaka ni tuirudishe mbele ya macho ya watu. Pesa ikiingia, iache ilale usiku mmoja kabla hujaituma kokote, isipokuwa kwa mgonjwa. Ukipokea ombi la pesa kwa maandishi, piga simu usikie sauti ya mtu unayemjua. Ukiambiwa usimwambie mtu, mwambie mtu hapohapo. Gawanya fungu lako la dhahabu kabla hujaliweka kwenye simu: sehemu iende benki au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa ambako kutoa kunahitaji saini ya zaidi ya mmoja. Namba ya siri isijulikane na mtu, lakini madeni yako yajulikane na angalau mmoja. Bonyeza *106# leo, na laini usiyoitambua idai ifutwe.

Na ukitapeliwa, sema. Sema kituoni, sema kwenye mkutano wa kijiji, sema msikitini na kanisani, uwasomee watu maneno uliyoandikiwa neno kwa neno. Aibu ni ya aliyeiba. Kila anayenyamaza anampa tapeli siku moja zaidi ya kazi, na kila anayesema anamnyima wateja wa kijiji kizima.